Punda Aliyevaa Buibui Langu

Nianze na hasira, maana nikianza na salamu nitakuwa mnafiki. Nna hasira na watu ambao wengi wao wamekwisha kufa, na najua kuwa maiti hasemwi. Mie siwasemi maiti. Nawasema walipokuwa hai, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wanatafuna tende na kunitazama.

Mjukuu wangu ndiye aliyenichokoza. Ameleta paka nyumbani, paka wa jicho moja, kamtoa kwenye nyumba wanapotunza wanyama waliotupwa. Kapewa karatasi ajaze: kwa nini unamtaka, atalala wapi, na siku za baridi utamfanyaje. Akanisomea huku anacheka. Mie sikucheka. Nikamwambia ajaze vizuri, na aseme kweli, kwa sababu mie niliwahi kupewa mnyama kwa maneno ya mdomo mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi wale walikuwa wanajua walilolijua wakanyamaza. Basi akaniletea daftari, akasema, "Bibi, andika." Nimesoma chuoni tu, Kurani na kuandika herufi. Anayetaka maneno ya kupambwa na aende kwa wengine.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, baada ya yaliyotupata Unguja. Mie, mume wangu, binti zetu wawili wadogo na sanduku moja. Mume wangu alikuwa na kaka yake mkubwa Baushar, mwenye shamba la mitende na nyumba ya udongo yenye ua mpana. Msiifikirie Baushar hii ya majumba meupe na maduka ya ngazi zinazopanda zenyewe. Ile ilikuwa mitende, mfereji mmoja wa maji unaogawiwa kwa zamu, mlima nyuma yetu, na bonde kavu la mchanga pembeni. Hapakuwa na gari. Kwenda sokoni Matrah ni kwa miguu au kwa punda.

Mume wangu alikaa wiki tatu, kisha akaenda Kuweti kutafuta kazi kama wanaume wengine. Mie na wanangu tukabaki kwa shemeji. Shemeji alikuwa amekaa Pemba ujanani, Kiswahili chake kizuri kuliko tabia yake. Chakula hakutunyima, hilo nalisema. Lakini kila akija mgeni alituonesha kwa kidevu: "Hawa ndio wa Zinjibar. Wamekuja kama walivyo." Kama walivyo. Mie niliyeacha kitanda cha samadari na seti mbili za sahani za maua, nimekaa kwenye mkeka wa watu nasemwa kama walivyo.

Mkewe alikuwa mwanamke wa huko huko, mrefu, mkavu, hana maneno. Kiswahili hajui, na Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kuombea dua. Tulisemezana kwa vyombo. Akinipa sufuria najua nioshe, akinipa mundu najua nikakate majani ya mbuzi.

Siku moja nimetoka kukata majani nikapita kwenye zeriba. Kila kijiji kule kilikuwa na zeriba, ua wa mawe usio na paa, mnyama akikamatwa anakula shamba la mtu hutiwa humo. Mwenyewe akija, analipa alichokiharibu, anamchukua. Asipokuja siku kumi na nne, yeyote anayeweza kumlisha anaweza kupewa. Mzee aliyekuwa anaulinda ua ule alikuwa na sharti moja, tangu kwa babu zake: hana ruhusa ya kumtaja mwenye mnyama hata akimjua. Mwenyewe ndiye asimame aseme, huyu ni wangu.

Ndani mlikuwa na punda jike. Mbavu zake ungezihesabu kwa mbali. Mabegani ana vidonda vya tandiko, mguu wa mbele umevimba, na uso kaugeuzia ukutani. Sijui nieleze vipi. Mie mwenyewe wiki nzima nilikuwa nalala uso ukutani ili wanangu wasinione. Nikamuuliza mzee wa zeriba, kwa Kiarabu changu cha kuombea dua, huyu wa nani. Akaniambia mwenyewe hakutokea. Ijumaa zinatimia siku kumi na nne, na asipopata wa kumlisha atamfungulia aende zake bondeni. Mbwa mwitu walikuwapo wakati huo, na baridi ilikuwa inaanza.

Nikasema namchukua mie.

Chini ya ukuta wamekaa wanaume wawili. Wakaitwa washuhudie. Mzee akanifundisha nilishike sikio la punda niseme: amana mkononi mwangu, akija mwenyewe ndani ya mwaka atamkuta. Kisha akaniongezea neno, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Aliyepotea ana mwenyewe. Aliyefukuzwa hana mwenyewe, ni wa aliyempa uhai. Mie nikaitikia tu, nilidhani anasoma dua. Wale wawili wakatazamana wakacheka. Nikadhani wanacheka mwanamke wa Zinjibar kushika sikio la punda. Nikawaambia kwa Kiswahili, wasichokijua, kuwa hata mama zao walizaliwa na masikio.

Nikamfunga kamba tukaondoka. Na hapa ndipo ujinga wangu unaponiuma. Punda ndiye aliyeniongoza mie. Njia panda ya kwanza akakata kulia bila kuvutwa, ya pili akakata kushoto, mguu mbovu anauburura, mpaka akasimama mbele ya mlango wa shemeji. Mie nikamsifu. Nikawaambia wanangu, tazameni akili za mnyama, kanitambua mie wa wapi.

Mke wa shemeji akaja kufungua. Alipomwona, mkono wake ulibaki kwenye komeo. Shemeji akatoka, akamtazama punda, akanitazama mie, akaniambia nina wazimu, watu wenyewe wanakula kwa taabu. "Hujui wewe? Fadhila ya punda mashuzi." Nikamwambia naijua, na mashuzi yake nitayapokea. Akasema basi asilale uani mwake.

Nikatafuta mahali. Na hapo nilifanya kosa ambalo asingelifanya hata mtoto wa pale, ila mtu wa Unguja. Kwetu mvua hunyesha juu yako. Ukiona mbingu nyeupe huna khofu. Na kwetu banda zuri hujengwa penye mchanga, maji yananywewa palepale, kwato haziozi. Nikalitazama lile bonde, mchanga mkavu, ukingo mrefu unaozuia upepo wa shamali. Nikasema hapa ndipo. Nikabeba makuti ya mtende siku tatu, nikamjengea banda katikati ya njia ya maji. Kijiji kizima kilipita kikaliona. Shemeji alisimama pale ukingoni akalitazama, akatikisa kanzu yake akaenda kuswali. Hakuna aliyefungua mdomo.

Baridi ya huko hamuijui nyinyi mliozaliwa na blanketi. Inashuka mlimani inakaa kwenye mifupa. Niliweka majivu chini ili pakauke, juu ya majivu nikaweka nyuzi za mtende. Maji nilimpa ya vuguvugu. Chakula nilifundishwa na macho, niliona wenyeji wanawalisha mbuzi kokwa za tende zilizorowekwa na dagaa wakavu. Mie nilikuwa sijaona mnyama wa majani anakula samaki. Punda alikula mpaka mikia. Vidonda niliviosha kwa maji ya chumvi na kuvipaka manjano na mafuta ya ufuta, kama ningemfanyia mtu.

Lakini usiku alikuwa anatetemeka, asubuhi namkuta midomo imekauka. Blanketi tulikuwa nalo moja na wanangu ndio waliolala nalo. Nikachukua magunia mawili ya mchele nikayashona, ndani nikatia bitana. Bitana ni buibui langu, lile nililovaa nikipanda meli. Halikuwa na kazi tena, kule wanawake hawakulivaa na lilikuwa linanitambulisha kwa mbali. Kipande kikatokeza shingoni, cheusi, kinapepea. Basi maneno yakaenea mpaka kisimani. Zinjibari kamvisha punda buibui. Wanawake wakipita wananiuliza punda ameolewa na nani, na mie nawajibu bado anachagua, waume wa hapa wamemchosha.

Siku hiyo ilikuwa asubuhi, jua limekwisha toka, mbingu juu yetu nyeupe kabisa. Kulikuwa na wingu moja tu, jeusi, huko mlimani, mbali. Niko uani nakanda unga. Nikasikia punda analia, si kilio cha njaa. Na nyuma ya kilio chake, mngurumo. Mke wa shemeji akatupa kitunga akapiga kelele neno moja la Kiarabu, nililielewa baadaye: bonde limeshuka.

Nikakimbia. Maji yalikuwa yanakuja rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti na mawe. Nilipofika bandani yamenifika magotini, makuti yamekwisha kwenda. Punda kajivuta mpaka mwisho wa kamba, na fundo langu, fundo zuri la Kiunguja, limerowa limekuwa jiwe. Nikaling'ata. Nilivunja jino, hili pengo la mbele mnaloniuliza kila sikukuu ndilo hilo. Nilikuwa nang'ata huku nautukana mlima, namtukana shemeji, najitukana mwenyewe. Mara nikaona mkono unapita mbele ya uso wangu na mundu. Mke wa shemeji. Yumo ndani ya maji na nguo zake zote. Alikata kamba kwa mara moja, akalishika lile buibui shingoni, akamvuta punda kwa nguvu ambazo sikudhani mwanamke mkavu vile anazo. Tukatoka sote watatu.

Hakunipeleka ukingoni tupumzike. Alitembea moja kwa moja mpaka nyumbani, akafungua mlango wa ua, akaniambia kwa ishara: ndani. Na punda akaingia, akaenda pembe ya nyuma ya tanuri, akageuka, akaegemeza kalio ukutani, akafumba macho. Kama mtu aliyerudi kwenye kitanda chake. Mke wa shemeji akafunika uso kwa mtandio, akaingia ndani. Nami, pamoja na yote hayo, sikuelewa bado. Nilidhani baridi ndiyo iliyomliza.

Shemeji aliporudi walisemezana chumbani, sauti ya mke sikuisikia hata mara moja, lakini punda hakutolewa. Alilala pale baridi yote. Mguu ukapona. Manyoya yakarudi. Nikaanza kumtia kazi nyepesi, kuchukua majani na kuni. Shemeji alikuwa akipita pale asubuhi na jioni, anamtazama kutoka kwato mpaka masikio, hasemi. Mie nikamshukuru moyoni kwa kuninyamazia. Nilimshukuru, Mungu anisamehe.

Baridi ilipokwisha, punda akazaa. Hakuna aliyejua kuwa ana mimba, kwa ule ukondefu. Asubuhi nimemkuta na mtoto dume, mweusi, miguu kama vijiti, tayari kasimama. Wanangu walicheka siku nzima. Ilikuwa mara ya kwanza nawasikia kucheka tangu tupande meli. Nikaanza kufanya mipango yangu: punda wawili, nitachukua maji na kuni za watu, sitakula mkate wa kutupwa.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, shemeji akaingia uani na wanaume watatu. Mzee wa zeriba, na wale mashahidi wangu wawili. Akaenda kwa punda, akalivuta buibui kando, akaonesha alama ya moto iliyokuwa chini ya shingo. Alama ile nilikuwa nimeiosha mwenyewe mara mia.

"Huyu ni wangu," akasema. "Mwaka haujatimia. Namchukua na mtoto wake."

Hapo ndipo mambo yote yalipokuja kichwani kwa pamoja. Njia panda. Komeo. Pembe ya tanuri. Kucheka kwa wale wawili. Alimtoa punda wake alipoumia mguu, siku chache kabla sisi hatujafika, ili asife mikononi mwake na asipate dhambi ya kumuua. Alipokamatwa katika shamba la mtu hakusimama kusema ni wangu, asije akalipa. Akaniacha mie nimlishe ndani ya ua wake mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa buibui langu. Na kijiji kizima kilijua. Wanaume, wanawake wa kisimani, nadhani hata mbuzi walijua.

Na kile alichonifundisha mzee nilichodhani ni dua, kilinijia, safari hii na maana yake.

"Shemeji," nikasema kwa Kiarabu, "punda alipotea au ulimfukuza?"

Mzee wa zeriba akainua kichwa.

"Alipotea," akajibu.

"Kapotea, na miezi minne kalala nyuma ya tanuri lako?"

"Nilikuwa nakustahi, mke wa ndugu yangu."

Nilimwambia stahi ya namna hiyo ampe mama yake. Neno hilo nililisema, na silirudishi. Mzee akawageukia mashahidi akawauliza kama wana la kusema. Mmoja akatazama kiatu chake. Mwengine akatazama kiatu cha mwenzake. Hawa ndio ninaowasema. Mwenye kudhulumu ana faida yake anayoitafuta. Hawa walikuwa wanatafuta nini? Wangepungukiwa na nini wakisema kweli? Shemeji alikuwa na zamu kubwa ya maji ya mfereji, na walitaka jirani mwema. Kwa ajili ya maji ya mitende wakamuuza mwanamke na punda.

Shemeji akaishika kamba.

Ndipo tuliposikia sauti kutoka mlango wa jiko. Wakati huo Kiarabu changu kilikuwa kimekwisha kukua, nilielewa kila neno.

"Mlango niliufunga mimi," alisema mkewe. "Yeye alimsukuma kwa fimbo, akaniambia funga. Nikafunga. Akalia nje mpaka adhuhuri, na mimi nimelishika komeo."

Alirudi jikoni, na tukasikia anakuna sufuria.

Mzee wa zeriba akaichukua kamba mkononi mwa shemeji, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akanipa mie. "Aliyefukuzwa hana mwenyewe," akawaambia wale viatu. Wakaondoka.

Shemeji hakunipiga wala hakupiga kelele. Alisema tu kuwa ua wake umekuwa mdogo. Nikamwambia naona, na kabla ya magharibi nilikuwa nimefunga sanduku. Tukashuka mpaka Wadi Kabir, ambako leo ni magereji na mafuta machafu. Wakati huo palikuwa na vibanda vya makuti na wanawake wenzangu watatu kutoka Unguja. Nilichukua maji ya watu kwa punda yule miaka mitano. Wanangu walikula kwa mgongo wake. Kila baridi nilimshonea gunia jipya, bitana ikawa ile ile. Mume wangu aliporudi kutoka Kuweti alisema nilimvunjia heshima kaka yake. Nikamuonesha pengo la jino nikamwambia achague heshima ya nani. Baada ya siku mbili akajenga banda la mawe, juu, mbali na bonde. Mwaka wa sabini, nchi ilipoanza kubadilika na magari kuingia, punda wangu alikufa chini ya paa, na mwanawe pembeni. Mbwa mwitu hawakumwona.

Watu husema yamepita, msamehe. Shemeji nilimsamehe alipokuwa kitandani, aliniomba kwa mdomo wake. Wale mashahidi hawakuniomba, sikuwapa. Na mie mwenyewe bado sijajisamehe, maana sikurudi Baushar kumwona yule mwanamke. Kiburi. Nilisema siingii ua ule tena, nikaukomoa ua, na yeye alikuwamo ndani. Alikufa kabla sijapata kumwambia ahsante kwa Kiarabu kizuri.

Siku ile tunaondoka, shemeji alimwamuru afunge mlango nyuma yetu. Nilimsikia. Punda alisita njia panda, alitaka kurudi kwenye pembe yake ya tanuri, ikabidi nimvute, na ndivyo nilivyogeuka. Yule mwanamke alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye komeo, na mlango uko wazi. Tulishuka bonde lote, kila nikigeuka, uko wazi.